Chumba, Umbali na Maikrofoni: Uchambuzi wa Kurekodi Sauti Nyumbani kwa Bajeti ya Wastani

Kurekodi sauti nyumbani kumekuwa jambo la kawaida katika miji ya Afrika Mashariki, na katika vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hutoka leo nyimbo za Bongo Fleva, qaswida, nyimbo za kwaya, masimulizi na matangazo ya biashara ambayo miaka ya nyuma yasingewezekana bila kulipia saa za studio. Swali la kwanza la kila anayeanza ni maikrofoni ipi anunue, na jibu analopewa huwa ni jina la bidhaa moja, kana kwamba bidhaa hiyo itatoa sauti ileile katika kila chumba na mbele ya kila koo. Jibu la namna hiyo limewagharimu vijana wengi wenye vipaji fedha walizozipata kwa shida, na ndiyo sababu suala hili linastahili kutazamwa kwa upana wake. Bajeti inayozungumziwa hapa ni ya wastani, yaani kati ya dola 200 na 400 za Marekani kwa mfumo mzima: maikrofoni yenyewe, kadi ya sauti ya nje, ambayo ni kifaa kinachoupokea umeme dhaifu wa maikrofoni, kuukuza na kuugeuza kuwa tarakimu zinazosomwa na kompyuta, kisha stendi, waya, hedifoni na matengenezo ya chumba. Ndani ya mipaka hiyo, tofauti iliyopo kati ya maikrofoni moja nzuri na nyingine ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na chumba pamoja na umbali wa mdomo kutoka kwenye maikrofoni, kwa hiyo uchaguzi wenye busara huanzia chumbani na kumalizikia dukani.

Maikrofoni zinazopatikana kwa bei hiyo ni za aina mbili kuu. Katika maikrofoni ya dainamiki, utando mwembamba hubandikwa kwenye koili ya waya iliyo ndani ya uga wa sumaku, na sauti inapoutikisa utando huo, koili nayo husogea na umeme mdogo huzaliwa ndani yake. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo umbo lake la kichwa cha wavu wa duara limekuwa ndiyo picha ya maikrofoni katika akili za watu wengi. Katika maikrofoni ya kondensa hakuna koili: utando mwepesi zaidi, aghalabu wa plastiki iliyopakwa dhahabu, huwekwa karibu mno na bamba lenye chaji ya umeme, na mtetemo unapobadilisha nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo, badiliko hilo husomwa kama ishara ya sauti. Ugunduzi huo ni wa E. C. Wente, aliyeufanya mwaka 1916 akiwa Western Electric nchini Marekani, lakini kilichoishusha kondensa kutoka studio za matajiri hadi meza ya mtu wa kawaida ni kazi ya James West na Gerhard Sessler wa Bell Labs, ambao mwaka 1962 walitengeneza maikrofoni yenye utando unaohifadhi chaji yake wenyewe muda wote. Hata hivyo kondensa nyingi za leo, ikiwemo Audio-Technica AT2020 inayouzwa kwa takriban dola 100, bado huhitaji umeme wa volti 48 ili kuendesha kikuzaji kidogo kilichomo ndani yake, na umeme huo, ambao mafundi huuita fantomu, hutoka kwenye kadi ya sauti na kupitia waya uleule unaorudisha sauti.

Kutokana na tofauti hiyo ya ujenzi imezuka imani kwamba kondensa hunasa kila kitu, kuanzia feni hadi bodaboda inayopita barabarani, ilhali dainamiki hunasa kilicho mbele yake tu, na kwamba kwa sababu hiyo asiye na chumba kizuri hana budi kununua dainamiki. Ushauri huu huishia mahali pazuri mara nyingi, lakini sababu yake ina kasoro, na mwenye kuifuata sababu isiyo sahihi hupotea pale mazingira yanapobadilika. Uwezo wa maikrofoni kuupuuza mwangwi hutegemea umbo la usikivu wake, yaani pande inazosikia vizuri na pande inazosikia kidogo. SM58 na AT2020 zote mbili zina umbo la moyo: husikia vizuri mbele, hupungukiwa ubavuni, na nyuma karibu hazisikii kabisa. Maikrofoni yoyote yenye umbo hilo hupokea takriban theluthi moja ya nishati ya mwangwi ambayo ingepokelewa na maikrofoni inayosikia pande zote kwa usawa, na hesabu hiyo haiulizi kama ndani yake mna koili au bamba lenye chaji. Zikiwekwa mbili hizo kwa umbali mmoja mbele ya mwimbaji yuleyule, na nguvu ya sauti zake ikasawazishwa, uwiano wa sauti na mwangwi utakaribiana sana. Kitakachobaki ni tofauti ya rangi ya sauti, hasa katika masafa ya juu, ambako kondensa hufika mbali zaidi na kwa hiyo huudhihirisha mvumo mwembamba wa feni ambao dainamiki huufifisha.

Kinachoipa imani hiyo nguvu ni mambo mawili ambayo mtumiaji huyaona bila kuyatambua. Kwanza, AT2020 hutoa milivolti 14.1 kwa shinikizo la paskali moja la sauti, na SM58 hutoa milivolti 1.85 kwa shinikizo hilohilo, tofauti inayokaribia desibeli 18, desibeli ikiwa ni kipimo cha kulinganisha nguvu za sauti au za umeme. Mtu anayechomoa dainamiki na kuchomeka kondensa bila kuishusha nobu ya ukuzaji kwenye kadi ya sauti atasikia kuku wa jirani, naye atailaumu maikrofoni. Pili, dainamiki imezoeleka kushikwa ikiwa inakaribia kugusa midomo, ilhali kondensa huonyeshwa katika picha za studio ikiwa imening'inia mbali na uso wa mwimbaji, na wengi huiiga picha hiyo katika vyumba visivyofanana hata kidogo na studio hizo. Katika jambo la kwanza ukuzaji ndio uliofanya kazi, katika la pili umbali, na sifa au lawama ikaenda kwa kifaa.

Umbali basi unahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu ndiyo nyenzo pekee ya mrekodi isiyouzwa. Kila mara nafasi kati ya mdomo na maikrofoni inapopunguzwa kwa nusu, sauti inayokwenda moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6, huku mwangwi wa chumba, ambao umekwisha kusambaa kila pembe, ukibaki kama ulivyokuwa. Mwimbaji anayesogea kutoka sentimita 30 hadi 15 amejipatia desibeli 6, na akifika sentimita 7.5 amejipatia 12, kiasi ambacho hakuna maikrofoni ghali yenye umbo la moyo inayoweza kukileta kwa ubora wake peke yake. Ukaribu huo una gharama zake. Maikrofoni zenye umbo la moyo huvimbisha besi chanzo cha sauti kinapozikaribia, jambo linaloipa sauti nyembamba uzito wa kupendeza na kuifanya sauti nzito kuwa na ukungu. Herufi kama p na b hurusha pumzi inayoupiga utando na kuacha mshindo kwenye rekodi. Na mwimbaji anayetikisa kichwa akiwa karibu sana hubadilisha kiwango cha sauti yake kwa kila mtikiso. Kwa sababu hizo nafasi ya kati ya nusu shubiri na shubiri moja ndiyo inayofaa watu wengi, huku chujio la pumzi la kitambaa likiwekwa katikati na maikrofoni ikigeuzwa kidogo ili pumzi ipite ubavuni mwake badala ya kuigonga usoni.

Chumba cha kawaida cha mjini kina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na dirisha la vioo, na vyote hivyo hurudisha sauti karibu yote inayovifikia. Wengi hujaribu kulitatua tatizo hili kwa trei za mayai, ambazo ni karatasi nyembamba isiyofyonza chochote cha maana, au kwa sponji za sentimita 5 zinazouzwa kwa ajili ya studio. Sponji hizo si bure kabisa, ila zinaeleweka vibaya. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ambalo liko katika eneo la msingi la sauti ya mwanamume, lina urefu wa mita 3.4, na kitu laini kilichobandikwa ukutani hufyonza vizuri pale tu unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Kwa sponji ya sentimita 5, robo hiyo inaangukia karibu na hezi 1,700. Kilicho chini ya hapo, yaani sehemu kubwa ya mwili wa sauti ya binadamu, hugonga ukuta na kurudi, na chumba kilichojazwa sponji nyembamba huishia kutoa sauti iliyokatwa trebo juu na kuachwa na mvumo wa boksi chini. Godoro la inchi 8, likisimamishwa, hufika hadi karibu na hezi 430, nalo huwa limo ndani ya nyumba tayari.

Mahali pa kuliweka godoro hilo pana umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kuwa maikrofoni yenye umbo la moyo haisikii nyuma yake, ukuta ulio nyuma ya maikrofoni una madhara madogo kuliko ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, ambao uso wa maikrofoni unautazama moja kwa moja kupitia mabega yake. Godoro, mablanketi mazito au kabati la nguo lililofunguliwa milango linapaswa kuwa mgongoni mwa mwimbaji, na kile kinachopiga kelele, iwe ni kompyuta yenye feni au dirisha la barabarani, kiwe nyuma ya maikrofoni, katika upande wake wa uziwi. Mpangilio huu haugharimu chochote, na katika vyumba vingi matokeo yake husikika kwenye hedifoni papo hapo. Pangaboi halina ufumbuzi isipokuwa kulizima, na mvua inapopiga bati hakuna maikrofoni itakayookoa kazi.

Suala la kimya ndilo linalofuata, nalo huwafanya watu walipie wasichoweza kukitumia. Kila kondensa ina kelele yake ya ndani, mchirizo mwembamba unaotokana na vijenzi vyake vya umeme: ya AT2020 ni desibeli 20, na ya Rode NT1 iliyotoka mwaka 2013 ni 4.5 tu, kiwango ambacho sikio haliwezi kukigundua katika mazingira ya kawaida. Chumba cha mjini kilichofungwa madirisha, hata usiku, mara nyingi huwa na kelele ya desibeli 30 au zaidi, hivyo utulivu wa NT1 huzama ndani ya kelele za mtaa kabla haujamfikia msikilizaji. Mwenye kunufaika nao ni msimuliaji wa sauti ya chini anayeishi pembeni ya mji, aliyekwisha kukitengeneza chumba chake, na ambaye rekodi zake zina vituo virefu vya kimya kati ya sentensi, kwa maana muziki huufunika mchirizo ambao masimulizi huuanika wazi.

Upande wa pili wa suala hilo ni dainamiki zenye ishara dhaifu, na hapa Shure SM7B inastahili kutajwa kwa kuwa imekuwa ndoto ya kila anayefungua studio ya nyumbani. SM7, mzazi wake, ilitoka mwaka 1973, na heshima yake ilipaa kwa sababu mhandisi Bruce Swedien aliitumia kurekodi sauti ya Michael Jackson kwa ajili ya albamu ya Thriller ya mwaka 1982. Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa bila kutajwa kwamba kazi ilifanyika katika studio iliyojengwa kwa ajili hiyo, mbele ya mwimbaji wa nadra, chini ya mikono ya fundi mwenye uzoefu mkubwa. SM7B ya leo hutoa milivolti 1.12 tu kwa paskali, watengenezaji wake wanapendekeza ukuzaji usiopungua desibeli 60, na kadi ya sauti iliyopendwa sana kama Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu huishia desibeli 56, ingawa ile ya kizazi cha nne imefika 69. Anayeinunua kwa karibu dola 400 huku kadi yake haina nguvu hizo hulazimika kununua kikuzaji cha ziada, na bajeti yote imekwisha kabla ya stendi. Maikrofoni hii ni bora kweli, ila kwa mnunuzi anayelengwa hapa ni chaguo baya, na kuisifu mbele yake bila kumwambia gharama hizo ni kumkosea.

Tofauti za rangi ya sauti huja baada ya hayo yote, lakini zipo na zina uzito kwa koo fulani. SM58 ina mwinuko katika eneo la juu la hezi elfu kadhaa ambalo hubeba uwazi wa matamshi, nao humsaidia mwenye sauti iliyofifia na kumkera mwenye "s" na "sh" kali. Kondensa nyingi za bei ya chini kabisa zina tatizo kubwa zaidi la aina hiyo, na chanzo chake kinafahamika: kapsuli zake, yaani sehemu yenye utando na bamba, zimeigizwa kutoka kwenye kapsuli ya Neumann U67 ya mwaka 1960, iliyosanifiwa ikiwa na trebo ya ziada kwa makusudi kwa kuwa saketi ya maikrofoni hiyo iliipunguza trebo hiyo baadaye, ilhali waigaji wengi walichukua kapsuli na kuiacha saketi. Matokeo ni sauti inayong'aa kwa dakika ya kwanza na kuchosha masikio kabla wimbo haujaisha.

Katika ngazi hiyo ya chini imo BM-800, ambayo huuzwa kwa majina mengi ikiwa na stendi ya mezani, chujio na waya wenye plagi ndogo ya milimita 3.5 inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Plagi hiyo huipa maikrofoni umeme mdogo kuliko inaouhitaji na kuipitisha sauti kwenye kikuzaji hafifu cha kompyuta, na mvumo unaosikika hutokana na njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Aliyekwisha kuinunua atapata nafuu kubwa kwa kuichomeka kwenye kadi ya sauti yenye volti 48 kabla ya kufikiria kuitupa. Kwa asiyetaka kadi ya sauti, maikrofoni za USB zenye kadi ndani yake ni jibu halali kwa masimulizi na vipindi, na Samson Q2U, ambayo ni dainamiki yenye tundu la USB na pia soketi ya XLR ya pini tatu, ina faida ya kumruhusu mwenyewe kuhamia kwenye kadi ya sauti baadaye bila kununua maikrofoni nyingine.

Pwani ina sharti lake. Unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hupenya ndani ya kondensa, na chaji inapovuja kupitia unyevu huo maikrofoni hutoa mipasuko midogo kama ya mafuta yanayochemka. Kuihifadhi ndani ya chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu hupunguza balaa hilo, ilhali dainamiki hustahimili hali hiyo kwa urahisi zaidi. Umeme nao una lake: chaja ya kompyuta inayochomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi huweza kuingiza mngurumo kwenye rekodi, na dawa iliyo karibu ni kurekodi kwa betri. Katika ununuzi, SM58 ni miongoni mwa maikrofoni zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo bei iliyo nusu ya kawaida kwa kitu kinachodaiwa kuwa kipya ni onyo la kutosha. Halisi ina uzito wa gramu 298, na inayopungua sana kwenye mizani inastahili kurudishwa kabatini. Dainamiki halisi ya mtumba, kwa upande mwingine, ni ununuzi mzuri, kwani huishi miaka mingi na hujaribiwa kwa dakika chache.

Fedha zenyewe zigawanywe kwa namna ambayo maikrofoni haichukui zaidi ya theluthi moja. Mwenye dola 300 anaweza kuweka takriban 100 kwenye maikrofoni, kiasi kinachozidi kidogo hicho kwenye kadi ya sauti yenye ukuzaji wa kutosha, na kinachobaki kwenye hedifoni za kufunika masikio, stendi nzito, waya na chujio, hedifoni zikihitaji uangalifu kwa sababu biti ikivuja kutoka masikioni itaingia kwenye rekodi na haitaondoka. Mwimbaji mwenye nguvu, anayerekodi mtaani penye kelele na asiyeweza kukibadilisha chumba, ataridhika zaidi na SM58 iliyo karibu naye. Mwenye sauti laini aliyeweza kupata pembe yenye utulivu atapata undani zaidi kwa AT2020, na akiweza kuongeza fedha, NT1 ni hatua ya kweli.

Kundi la qaswida au kwaya ndogo linaloimba mbele ya maikrofoni moja linaitikisa hesabu hii yote, kwa kuwa watu sita hawawezi kuwa shubiri moja kutoka mahali pamoja, na wakisimama kwa nusu duara la mita moja, mwangwi wa chumba cha kulala hauzuiliki kwa godoro wala kwa aina ya maikrofoni. Kondensa ndiyo inayofaa hapo, kwa kuwa ishara yake yenye nguvu huvumilia umbali, lakini chumba lazima kiwe kikubwa ili kuta ziwe mbali na waimbaji. Darasa la madrasa lenye mazulia au ukumbi wa kanisa, ukiombwa kwa saa mbili za usiku baada ya magari kupungua, utalifaa kundi hilo kuliko maikrofoni yoyote itakayoongezwa nyumbani, na kadi ya sauti inayoendeshwa na kompyuta yenye betri iliyojaa hubebeka humo bila shida.